Range Rover, Volkswagen au Noah? Jibu kwa bwana harusi wa Malindi

Swali: "Ami, nakusalimu. Mimi ni kijana wa Malindi, na mchumba wangu ni mtu wa Lamu, Langoni. Nikaha itakuwa kwao, inshallah, Ijumaa moja ya mwezi wa kwanza baada ya Alasiri. Jumapili yake tunamleta Malindi na usiku anapambwa ukumbini. Marafiki zangu wamechanga pesa. Wanataka tukodi Range Rover Mombasa iende hadi Lamu kumchukua bibi harusi. Mchumba wangu ameona picha ya Volkswagen la zamani, lile la mviringo kama kobe, na amesema hilo ndilo analolitaka. Mama anasema magari yote ni magari, tuchukue Noah ya mjomba. Nifuate neno la nani?"

Jibu: Mwanangu, salamu zimefika, na hongera. Mama yako mfuate kwa kilomita mia mbili na kitu, mchumba wako mfuate kwa kilomita mbili za mwisho. Marafiki zako wana kazi nyingine, nitakwambia mbele.

Tuanze na hiyo Range Rover ya kwenda Lamu. Iende Lamu wapi? Gari linafika Mokowe, huko bara, na hapo barabara inakomea majini. Mji wa kale wa Lamu, huo ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, vichochoro vyake vilikatwa kwa miguu ya watu na punda. Punda wawili wenye shehena wakikabiliana, mmoja hupisha. Pikipiki zimejipenyeza siku hizi mpaka watu wakanung'unika, lakini gari la bibi harusi halina pa kupita, na hata lingepata, ungelivusha kwa chombo gani? Kwa hiyo bibi yako atatoka Langoni kwa miguu hadi gatini, atapanda boti, na gari atalikuta ng'ambo. Watakaoishangaa Range Rover yenu ni wachukuzi wa Mokowe, na wao magari ya wakubwa yanalala pale mbele yao siku zote. Hawatageuza hata shingo.

Wala usione umepungukiwa. Lamu ina namna yake ya kumtembeza mwanamke, ya kale kuliko tairi. Zamani mwanamke wa kiungwana hakupita mtaani wazi. Alitembea ndani ya shiraa, pazia la nguo lililoinuliwa kwa miti na watumwa, yeye humo ndani anakwenda asionekane. Mimi sikuiona, nimesimuliwa na wazee, lakini kila nikitundika pazia kwenye dirisha la gari la bibi harusi huikumbuka. Kama kina mama wa Langoni watakubali kumtoa kwa vugo, zile pembe zigongwe kutoka mlangoni hadi gatini, hakuna gari la Mombasa litakaloifikia hiyo picha. Ombeni kwa adabu, kupitia mama yako, si wewe.

Jambo moja tu litazame mapema: maji. Pwani yetu siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa kabisa karibu na saa nne za asubuhi. Boti inakuwa chini, ngazi za gati zinakuwa ndefu, na zile za chini zina ukoko wa kijani unaoteleza kama sabuni. Mwanamke aliyevaa buibui, viatu vipya, hina mpaka juu ya viganja, huku shangazi watatu wakimshika kila mmoja upande wake, hapo ndipo harusi huingia majini kweli. Muulize nahodha, siyo mimi, na ikiwa Jumapili yenu imeangukia bamvua, toka Lamu saa moja unusu. Maji yakiwa mafu huna wasiwasi.

Sasa barabara. Mokowe, Hindi, Witu, Gamba, Minjila, kisha unashuka Marereni, Gongoni, Mambrui, unavuka daraja la Sabaki na uko nyumbani. Kipande cha Lamu hadi Garsen, kilomita 135, tulikijua kwa vumbi na tope, na sasa ni lami. Mafuriko ya Tana mwishoni mwa 2023 yalikata njia huko Gamba, watu wakavushwa kwa mashua, lakini mwezi wa kwanza ni kaskazi kavu na hilo halinitishi sana. Linalonitisha ni usiku. Njia ile ni ya kupita mchana, kwa ajili ya usalama, na ina vizuizi vya polisi ambapo kila abiria huonyesha kitambulisho. Nimewahi kusimama Witu nusu saa, msafara mzima, kwa sababu kitambulisho cha bibi harusi kilikuwa ndani ya sanduku la chini kabisa, chini ya masanduku mengine sita. Kitambulisho chake akae nacho somo wake, kwenye mkoba, mkononi. Na wawepo wanawake wa kutosha garini ili askari akitaka kuona uso, mambo yaende kwa heshima.

Kwa safari hiyo, Noah. Mama yako hakusema kwa ubahili. Mlango wake wa nyuma unasukumwa kando, haufunguki nje, kwa hiyo mtu huingia kwa hatua moja bila kujikunja wala kugonga kichwa. Kiyoyozi kinafika hadi viti vya nyuma. Mizigo inakaa. Ikipasuka kitu, fundi wa Gongoni anaijua na spea zipo, maana nusu ya pwani inapanda gari hilo. Range Rover nyingi zinakaa juu ya mifuko ya hewa badala ya springi. Mfuko ukivuja, gari huinama upande mmoja kama ngamia anayekaa, na pale Minjila hutampata wa kuliinua. Sisemi ni gari baya. Kwa mtu mwenye karakana yake ni raha tupu. Kwa mtu aliyelikodi siku moja ni bahati nasibu.

Bibi harusi kwenye Noah asivae gauni. Avae dira na buibui, alale njiani kama anaweza. Hina ipakwe siku mbili kabla, maana rangi hukolea kadiri inavyokaa, na piko mbichi ikigusa kiti cha kitambaa haitoki mpaka gari life. Hii ni Noah ya mjomba, na mjomba mtaonana naye tena.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo watu hawaniulizi. Wanaponiuliza gari gani, wanauliza jina. Mimi naangalia linavyosimama. Gari la harusi halikimbii. Linatambaa nyuma ya ngoma, linasimama mlangoni dakika ishirini likisubiri shangazi aliyesahau leso, linatambaa tena, linasimama ukumbini, na muda wote huo injini inawaka na kiyoyozi kinafanya kazi kwenye joto la Malindi. Gari likienda mbio, upepo wa njiani ndio unaolipoza rejeta. Likitambaa, upepo huo haupo, inabaki feni peke yake. Feni ikiwa imechoka, mwenye gari hajui hata siku moja, kwa sababu yeye huendesha Mombasa na kurudi akiwa kasi, na mshale wa joto haupandi. Mara ya kwanza kujua ni harusini kwako.

Kwa hiyo gari lolote mtakalokodi, la milioni au la maelfu, lijaribu hivi: nenda mchana, saa saba, liwashe, washa kiyoyozi mpaka mwisho, liache limesimama juani dakika arobaini, na wewe ukae ndani. Usikubali kuambiwa "hili halina shida ami." Kaa. Mshale ukianza kupanda, au hewa ikigeuka ya moto, shukuru Mungu umeyajua Jumatano. Mwenye gari akikataa jaribio hilo, umeshapata jibu lako.

Na hapo ndipo napenda ombi la mchumba wako, ingawa najua umeliandika kama mzaha. Volkswagen lile halina rejeta kabisa. Injini iko nyuma, inapozwa kwa hewa inayosukumwa na feni, na feni inazungushwa na mkanda wa injini yenyewe, liwe linatembea au limesimama. Nimemwona kijana msaidizi akizunguka gari hilo na dumu la maji mkononi, anatafuta pa kumimina, amefungua boneti ya mbele akakuta begi la bibi harusi. Buti liko mbele. Magari hayo yalitengenezwa zaidi ya milioni 21 duniani kabla ya la mwisho kutoka kiwandani Puebla, Mexico, mwaka 2003, na yaliyobaki hapa kwetu yote ni wazee wa nyumba, kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Utakalopata limekula chumvi ya bahari miaka mingi. Lala chini uangalie sakafu kwa macho yako. Nimeona moja unatazama lami ukiwa umekaa.

Shida yake ya kwanza ni milango. Ina miwili tu. Kukaa nyuma ni lazima ukunje kiti cha mbele upenye kama mwizi, na mwenye gauni la mkia hawezi. Dawa yake nimeiga kwa madereva wa teksi wa jiji la Mexico, ambao waliyatumia magari hayo miaka na miaka. Walikuwa wanang'oa kiti cha mbele cha abiria. Kiti hicho hutoka kwenye reli zake bila kuharibu kitu, na mbele ya bibi harusi panabaki uwanja mzima. Anaingia kwa mlango wa kushoto, anakaa nyuma, gauni linatandazwa mbele yake, hakuna anayelikanyaga. Kwa kuwa sisi tunaendesha kushoto mwa barabara, mlango huo pia ndio unaofungukia ukingoni, kwenye watu wake, si kwenye tuktuk zinazopita. Mwenye gari akishangaa, mweleze. Wengi wao hawalijui hilo na wataliiba, haidhuru.

Shida ya pili ni wapambaji, na hapa nina kidonda. Chini ya kioo cha nyuma cha Volkswagen kuna nafasi ndogo ndogo kama mbavu. Hizo ni pua zake. Mwaka mmoja mpambaji alitandika shela nyeupe na maua ya plastiki pale pale, kwa kuwa ndipo panapoonekana vizuri kwenye picha. Mimi nilikuwa nimeenda kuswali. Nilirudi nikaona limependeza, nikasifu, nikaondoka nalo. Kabla hatujafika mbali taa nyekundu ya chaji ikawaka. Kumbe shela imefyonzwa ndani, imejizonga, mkanda umechomoka. Kwenye gari hilo, mkanda unaozungusha jenereta ndio huo huo unaozungusha feni, kwa hiyo taa ile ikiwaka si suala la betri, ni injini inaanza kukaangika. Unazima hapo hapo, hata kama ngoma iko katikati. Tulimaliza safari ile kwa tuktuk, bibi harusi akicheka mpaka wanja ukachuruzika, na picha ya tuktuk ndiyo waliyoitundika sebuleni. Tangu siku hiyo pambo lolote nalikagua kwa kidole.

Na kwa jumla, pambo: magari ya siku hizi yasizibwe grili ya mbele, kwa sababu ile ile ya pumzi. Usikubali seloteipu juu ya rangi. Ikipigwa na jua inaacha gundi, na ukiibandua kwa nguvu inatoka na rangi, na pesa mliyoweka amana haionekani tena. Riboni zifungwe kwenye vipini vya milango na kwenye vioo vya pembeni, zikazwe ndani ya boneti. Nambari ya gari isifunikwe hata kwa jina la bibi na bwana. Ni kosa, na askari wa Malindi hawana mapenzi kiasi hicho. Maua mabichi nje ya gari mwezi wa kwanza ni kupoteza pesa, yananyauka kabla ya picha ya pili. Asumini weka ndani. Ichumwe jioni ikiwa bado imefumba, ifungwe vikuba na mrehani, itundikwe kwenye kioo cha dereva, kisha ifumbuke yenyewe usiku unapoingia. Hakuna marashi ya chupa yatakayoishinda. Ila chetezo chenye makaa kisiingie garini. Nguo zifukizwe nyumbani. Nimeshaona zulia la gari likitobolewa na kaa moja, na kwenye gari lililojaa shela za nailoni sitaki kuona la pili.

Mpango wako basi uwe huu. Noah ifike Malindi saa nane au tisa mchana, iende nyumba ya jamaa iliyo karibu na ukumbi. Bibi harusi apumzike, aoge, aswali, avalishwe hapo. Volkswagen liwe linamsubiri kivulini, chini ya makuti au mwarobaini, siyo juani, kwa sababu halina kiyoyozi na mafuta yake yakipata moto sana kwenye bomba hugeuka mvuke, likagoma kuwaka. Toka saa kumi na moja unusu. Mwezi wa kwanza jua letu huzama saa kumi na mbili na nusu na dakika chache, na ile saa moja ya mwisho ndiyo mwanga wa picha, na ndipo joto linapolegea. Piteni barabara ya ufukweni, mmalize kabla ya adhana ya Magharibi, wala msipige honi mbele ya msikiti. Kilomita mbili, tatu ukitaka kuringa. Zaidi ya hapo msilitese.

Marafiki zako wakikwambia gari dogo ni aibu, wakumbushe harusi ya London ya tarehe 29 Aprili 2011. Kate Middleton alipelekwa kanisani kwa Rolls-Royce Phantom VI, gari kubwa, refu, la dereva. Mchana walipotoka Buckingham, Prince William aliendesha mwenyewe Aston Martin ya zamani ya babake, wazi, ndogo, imefungwa maputo, wakaenda Clarence House ambayo ni hapo jirani tu. Kubwa la kumfikisha, dogo la kuonekana nalo. Sisi kubwa letu ni Noah, na halina aibu yoyote.

Upana nao uzingatiwe, kwa kuwa mitaa ya ndani ya Malindi si ya Nyali. Range Rover kubwa ni karibu mita 2 bila vioo vyake. Noah nyingi za zamani zinakaa chini kidogo ya mita 1.7, na Volkswagen lile ni kama mita 1.5. Siku ya harusi kila ukingo una viti vya plastiki, masufuria ya pilau na watoto. Dereva wa Mombasa asiyezijua kona zetu atarudi kinyumenyume mbele ya wageni wote, na gari ghali likirudi kinyumenyume lina kelele zake za kulia kama mtoto.

Kuhusu makubaliano sitasema mengi. Andikeni, hata kwa ujumbe wa simu: saa ya kufika, saa ya kuondoka, mafuta ya nani, dereva anakula wapi, amana inarudi lini. Jambo ambalo vijana hamliulizi ni bima. Gari la mtu binafsi likikodishwa kwa pesa huku bima yake ni ya matumizi binafsi, likigonga, kampuni inaweza kukataa kulipa, na mwenye gari atakuja kwako. Omba kuona cheti chenyewe, kisome. Kwa Noah ya mjomba mnayopewa bure jambo hilo si zito, lakini mtilie mafuta tanki zima na umrudishie imeoshwa.

Sasa hao marafiki na mchango wao. Mmoja awe mbele na pikipiki, azuie tuktuk kwenye makutano ili msafara usikatike. Mmoja akae na ufunguo wa akiba, na achaguliwe asiyecheza ngoma. Hakuna atakayekaa juu ya dirisha na kiwiliwili nje, nimeshazika mmoja kwa mchezo huo na sitaki kuuongea. Pesa iliyobaki baada ya kulikodi Volkswagen waipeleke kwenye boti ya pili ya kutoka Lamu, kwa wazee wa bibi harusi, wasibanwe na masanduku. Na wanne kati yao, wenye miguu, wavae viatu vya kawaida jioni hiyo, wasivae makubadhi. Volkswagen likikataa kuwaka, unaliweka gia ya pili, wanasukuma, unaachia klachi, linakohoa na kuondoka. Wafanye mazoezi Jumamosi.